TMS, ECT au ketamini: jinsi ya kuchagua pale dawa za sonona zinapogonga mwamba

Umemeza dawa ya kwanza kwa wiki nane, ukabadilishiwa ya pili, ukavumilia kinywa kukauka na usingizi kuparaganyika, na bado kuamka asubuhi ni kazi. Sasa daktari anataja tiba ya sumaku ya ubongo (TMS). Nyumbani mmoja anasema tiba ya umeme (ECT) ndiyo yenye nguvu, mwingine hataki hata kusikia ikitajwa, na wa tatu amesoma kwamba ketamini humwinua mtu kwa siku moja. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Hapa nitaziweka njia hizo tatu sambamba, kwa vigezo vilevile, ili ukirudi kwa daktari uwe na maswali yako mwenyewe.

Kwanza hakikisha ni sugu kweli

Sonona huitwa sugu pale angalau dawa mbili tofauti zimetumiwa kwa dozi ya kutosha na kwa muda wa kutosha, kwa kawaida wiki 6 hadi 8 kila moja, bila nafuu ya maana. Hayo maneno "ya kutosha" yana uzito kuliko yanavyosikika. Wapo wengi ambao dozi yao haikuwahi kupandishwa kutoka pale ilipoanzia, au waliiacha wiki ya tatu kwa sababu ya kichefuchefu. Wapo ambao tezi ya thairoidi haikupimwa, au pombe ya kila jioni haikuulizwa. Na wapo wenye baipola ambao vipindi vyao vya kuchangamka kupita kiasi havikutambuliwa. Hao huhitaji mpango mwingine kabisa. Kupitia upya historia yote ya dawa, moja baada ya nyingine, ni hatua ya kwanza na isirukwe.

Ikithibitika ni sugu, kuendelea kubadilisha vidonge tu kuna faida inayopungua. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao STAR*D, uliochapishwa mwaka 2006 na kuhusisha watu wapatao 4,000, ulionyesha kwamba takriban theluthi moja walipona kwa dawa ya kwanza, lakini waliofika hatua ya tatu walipona 14 tu kati ya 100. Uchambuzi wa baadaye ulisema hata takwimu hizo zilikuwa na matumaini mno. Ndiyo maana njia nyingine zinahitajika.

Vigezo

Watu wengi huuliza kwanza: ipi ina nguvu zaidi? Mimi ningeanza na muda, yaani ugonjwa unakupa muda gani wa kusubiri, na maisha yako yanakupa siku ngapi za kwenda kliniki. Mengine yanafuata: nguvu ya tiba, madhara, na jinsi nafuu inavyodumu baada ya kumaliza.

Njia zenyewe

TMS ni mapigo ya sumaku. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake mjini Sheffield, Uingereza, walionyesha kwamba pigo la sumaku juu ya kichwa linaweza kutikisa msuli wa mkono bila kufungua fuvu na bila maumivu makali. Kwa sonona, koili, yaani waya uliozungushwa unaotoa mapigo hayo, huwekwa upande wa kushoto, juu kidogo ya paji la uso, mahali ambapo ubongo husaidia kupanga mambo na kudhibiti hisia. Nguvu ya sumaku inakaribia ile ya mashine ya MRI inayopiga picha za ndani ya mwili, lakini ni ya eneo dogo, hudumu chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, na huingia sentimita chache tu. Mgonjwa amekaa kitini, macho wazi. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu mashine ya kwanza ya kutibu sonona mwaka 2008.

ECT ni tiba ya umeme, iliyoanzishwa Roma mwaka 1938 na Ugo Cerletti na Lucio Bini. Hofu nyingi zinatokana na picha za zama zile. Leo mgonjwa hupewa nusukaputi na dawa ya kulegeza misuli, hupewa oksijeni, kisha umeme mfupi huamsha degedege ndani ya ubongo, mara nyingi isiyozidi dakika moja. Mwili karibu hautikisiki. Anapoamka hakumbuki tukio lenyewe.

Ketamini ni dawa ya usingizi ya upasuaji iliyoidhinishwa tangu 1970. Mwaka 2000 utafiti mdogo wa Marekani ulionyesha kwamba dozi ndogo hupunguza dalili za sonona ndani ya siku chache. Hutolewa kwa dripu, kwa kawaida miligramu 0.5 kwa kila kilo ya uzito katika dakika 40. Ndugu yake, esketamini, hupulizwa puani na iliidhinishwa na FDA kwa sonona sugu mwaka 2019. Dripu ya ketamini haina idhini hiyo. Daktari huitumia kwa uamuzi wa kitaalamu.

Kasi

Ketamini na esketamini zinaongoza waziwazi: wanaosaidika huanza kuhisi tofauti ndani ya saa chache hadi siku moja au mbili. ECT hufuata, na nafuu mara nyingi huonekana baada ya vipindi vichache, yaani ndani ya wiki ya kwanza au ya pili. TMS ya kawaida ni ya polepole. Wengi hawahisi chochote wiki mbili za mwanzo, na baadhi hubadilika mwishoni kabisa. Nalisisitiza hili kwa sababu ni hapo katikati watu hukata tamaa na kuacha, wakidhani tiba imeshindwa ilhali haijafika.

Kuna TMS ya kasi, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Stanford: vipindi 10 kwa siku, kila kimoja kikitengwa na mapumziko ya dakika 50, kwa siku 5 mfululizo. Katika jaribio lenye watu 29, watu 11 kati ya 14 waliopata tiba halisi walifikia kuisha kwa dalili wakati fulani ndani ya wiki nne, dhidi ya 2 kati ya 15 waliopata tiba ya bandia, yaani ya kuigiza tu kwa ajili ya ulinganisho. FDA iliiruhusu mwaka 2022. Matokeo hayo yanatia moyo, ila watu 29 ni wachache, na mahali pa kuelekeza sumaku palichaguliwa kwa picha maalumu za ubongo wa kila mgonjwa. Kliniki inayotangaza "tiba ya siku tano" bila picha hizo inatoa kitu tofauti. Huenda kinafaa, lakini isijiazimie takwimu za Stanford.

Ratiba na maisha ya kila siku

TMS ya kawaida ni siku 5 kwa wiki, kwa wiki 4 hadi 6. Utaratibu wa zamani huchukua kama dakika 37 na mapigo 3,000 kila kipindi. Utaratibu mpya wenye mapigo ya mafungu, uitwao theta, huchukua dakika 3 na mapigo 600. Jaribio la Kanada lenye watu 414, lililochapishwa 2018, lilionyesha kwamba ule wa dakika 3 hauzidiwi na ule mrefu. Kwa hiyo kliniki ikikwambia bado inatumia mrefu, si kosa, ila uliza kwa nini. Ukimaliza unashuka kitini na kuondoka mwenyewe, unaendesha gari, unarudi kazini. Ugumu hauko kwenye dakika bali kwenye safari: kama kituo kiko mbali, utatafuta malazi ya wiki sita kwa ajili ya dakika tatu za kila siku. Hesabu hilo mapema, pamoja na nani atakaa na watoto.

ECT hufanywa mara 2 au 3 kwa wiki, jumla vipindi 6 hadi 12. Hakuna kula kabla ya nusukaputi, lazima awepo msindikizaji, na kuendesha gari kunakatazwa kipindi hicho. Wengi hawafanyi kazi kabisa wiki hizo.

Esketamini ni mara mbili kwa wiki kwa mwezi wa kwanza, mara moja kwa wiki mwezi wa pili, kisha kila wiki au kila wiki mbili kadiri inavyohitajika. Kila mara unakaa kituoni angalau saa mbili chini ya uangalizi, na huendeshi gari hadi kesho yake baada ya kulala usingizi wa kutosha. Ketamini ya dripu hufuata mkondo unaofanana na huo.

Nguvu ya tiba

Hapa tahadhari moja: asilimia za utafiti mmoja usizilinganishe moja kwa moja na za mwingine, kwa sababu wagonjwa hawakufanana.

ECT bado ndiyo yenye rekodi imara zaidi kwa sonona kali, hasa ile inayoambatana na kusikia sauti au kuamini mambo yasiyokuwepo, ile ya mgonjwa aliyeganda hasemi wala hasogei, na ile ya wazee waliokataa chakula. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2023 lililinganisha ketamini ya dripu na ECT kwa watu wasio na dalili hizo za kusikia sauti: baada ya wiki tatu, 55 kati ya 100 waliopata ketamini walipungukiwa dalili kwa nusu au zaidi, dhidi ya 41 kwa ECT. Wengi wao walikuwa wanaotibiwa wakitokea nyumbani. Hivyo haithibitishi kwamba ketamini inaishinda ECT kwa mgonjwa aliyelazwa akiwa hoi. Inachothibitisha ni kwamba kwa sonona sugu isiyo na dalili hizo, ketamini ni chaguo halali la kulijadili kabla ya ECT. Esketamini nayo ilipimwa dhidi ya kuongezewa kwetiapini, dawa nyingine ya magonjwa ya akili, mwaka huohuo: baada ya wiki nane, dalili ziliisha kwa watu 27 kati ya 100, dhidi ya 18.

Kwa TMS picha ina pande mbili. Jaribio la 2010, ambalo wagonjwa hawakuwa wakitumia dawa, lilionyesha dalili kuisha kwa 14 kati ya 100, dhidi ya 5 kwa sumaku ya bandia. Tofauti ni ya kweli, lakini ndogo. Katika kliniki za kawaida, ambako wengi huendelea na dawa zao na kupata vipindi vingi zaidi, ufuatiliaji wa watu 307 uliochapishwa 2012 ulikuta, kwa tathmini ya madaktari, asilimia 58 walipata nafuu kubwa na 37 dalili zikaisha. Huo haukuwa na kundi la bandia. Nauamini zaidi utafiti wa Uholanzi wa 2024 uliouliza swali hasa la msomaji wa makala haya: niende TMS au nibadilishe dawa tena? Kati ya watu 89, waliopata nafuu kubwa kwa TMS walikuwa takriban asilimia 38, na kwa kubadilisha dawa asilimia 15.

Madhara

TMS ina madhara mepesi kuliko zile nyingine mbili. Ngozi ya kichwa huuma, kichwa huuma, misuli ya uso hutikisika; kwa wengi hupungua baada ya wiki ya kwanza. Mashine hugonga kwa sauti kubwa, kwa hiyo viziba masikio ni lazima, si hisani. Kumbukumbu haiguswi. Hatari kubwa ni degedege, ambayo hutokea kwa chini ya mtu mmoja kati ya 1,000, na huongezeka kwa mwenye kifafa, aliyekosa usingizi, au aliyeacha pombe ghafla. Dawa ya sonona kama bupropioni, ambayo nayo huweza kuchochea degedege, itajwe kwa daktari. Na chuma: kifaa cha kusikia kilichopandikizwa sikioni, kibanio cha mshipa ndani ya fuvu, nyaya za umeme za ubongo, vipande vya risasi au bomu kichwani, vyote vinaweza kukufungia mlango wa TMS. Kuziba meno hakuna tatizo.

ECT huleta maumivu ya kichwa na misuli na kuchanganyikiwa kwa muda unapoamka. Lakini kinachowaumiza watu ni kumbukumbu. Matukio ya wiki zile za tiba hupotea kwa wengi, na kwa baadhi hupotea pia ya miezi ya nyuma, mengine yasirudi. Kuweka umeme upande wa kulia pekee na kutumia mapigo mafupi sana hupunguza hasara hiyo, na una haki ya kuuliza ni utaratibu gani utatumika. Vifo ni nadra mno, takriban 2 kwa kila vipindi 100,000, kiwango cha nusukaputi fupi yoyote.

Ketamini na esketamini humfanya mtu ajihisi ametengana na mwili wake kwa saa moja hivi. Wengine wanaistahimili, wengine inawatisha. Shinikizo la damu hupanda, kichefuchefu na kizunguzungu huja. Haifai kwa mwenye uvimbe wa mshipa wa damu, wala kwa shinikizo lisilodhibitiwa. Matumizi makubwa ya muda mrefu huharibu kibofu cha mkojo, na uraibu ni hatari halisi.

Baada ya kumaliza

Hakuna hata moja inayokata mzizi. Baada ya ECT, utafiti wa 2001 ulionyesha kwamba wasiopewa dawa halisi yoyote walirudiwa na ugonjwa 84 kati ya 100 ndani ya miezi sita. Waliopewa dawa ya sonona nortriptilini pamoja na lithiamu, dawa ya kutuliza hisia, 39. Ketamini ya mara moja hufifia ndani ya wiki moja au mbili, ndiyo maana hurudiwarudiwa. TMS, kwa waliosaidika, hudumu vizuri: zaidi ya nusu yao bado walikuwa na nafuu baada ya mwaka mmoja, na ugonjwa ukirudi, wengi husaidika tena kwa mkondo mwingine. Muulize daktari kabla ya kuanza, si baada ya kumaliza: miezi sita baada ya tiba ikipita, mpango ni upi?

Ukiamua kutafuta TMS

Anza na hospitali za kufundishia madaktari. Usiishie idara ya magonjwa ya akili. Wakati mwingine mashine iko kwa madaktari wa mishipa ya fahamu au kwenye utafiti wa wagonjwa wa kiharusi, na huko hujulikana nani anatibu sonona. Majaribio ya utafiti mara nyingi hutoa tiba bila malipo, ila uliza kama kuna uwezekano wa kuwekwa kundi la bandia, na kama baadaye utapewa tiba halisi.

Ukifika, sikiliza wanavyoanza. Kituo makini hukuhoji na daktari bingwa wa magonjwa ya akili kabla ya kukuonyesha kiti. Siku ya kwanza hutafuta kiwango cha chini cha nguvu kinachotikisa kidole gumba chako, kwa sababu dozi hupangwa kutokana na hapo. Pasipofanyika hivyo, mashaka yangu yangeanza palepale. Uliza wanapimaje mahali pa koili, mapigo mangapi kwa kipindi, nini hufanyika ukikosa siku mbili, nani yuko chumbani degedege ikitokea. Uliza pia kama hujaza dodoso la dalili kila wiki, kwa mfano PHQ-9. Bila kipimo, kila mtu atakwambia unaendelea vizuri.

Mikeka, kofia na mikanda ya sumaku inayouzwa mtandaoni si TMS. Nguvu yake ni ndogo mara nyingi sana na haifikii kuamsha seli za ubongo kwa namna hiyo. Vilevile ogopa kituo kinachoahidi kutibu usonji, usahaulifu wa uzeeni na kila kitu kwa koili moja.

Kulingana na hali yako

Kama mawazo ya kujiua yapo sasa, hasa yakiwa na mpango, usikae kwenye foleni ya TMS. Nenda hospitali leo, usibaki peke yako, na umwambie daktari wazi. Hapo ECT au ketamini, ukiwa umelazwa, ndizo za kujadili. Vivyo hivyo kwa aliyeacha kula, aliyeganda, au anayesikia sauti: ECT iwe mbele.

Kama unaweza kusubiri wiki kadhaa, unafanya kazi au unasoma, na kumbukumbu ndiyo mtaji wako, TMS ni mahali pazuri pa kuanzia, mradi kituo kinafikika. Kama hakifikiki kwa wiki sita mfululizo, linganisha kwa haki gharama ya kuhamia huko na esketamini au ECT iliyo karibu.

Mwenye chuma kichwani cha aina nilizotaja aondoe TMS kwenye orodha, isipokuwa daktari aseme vingine. Mwenye kifafa asianze TMS bila daktari wa mishipa ya fahamu, ingawa ECT kwake haijafungwa. Aliyewahi kuwa mtumwa wa dawa za kulevya, au aliyewahi kuchanganyikiwa akili, aiendee ketamini kwa tahadhari kubwa. Mjamzito asitumie esketamini; ECT imetumika kwa wajawazito kwa miongo mingi, na TMS huvutia kwa kuwa haina dawa, ingawa tafiti zake kwao ni chache. Kijana wa miaka 15 hadi 21 aliruhusiwa na FDA mwaka 2024 kwa mashine mojawapo ya TMS, pamoja na tiba nyingine. Mwenye baipola amweleze daktari historia yake yote kabla ya lolote kati ya haya.

Ambaye hana hata moja karibu bado ana njia: kuongezewa lithiamu, aripiprazoli au kwetiapini juu ya dawa anayotumia, pamoja na tiba ya mazungumzo na mtaalamu. Hizo zisidharauliwe kwa kuwa hazina mashine.

Na aliyejaribu TMS ikashindwa asidhani amefika mwisho. Kushindwa kwa TMS hakuzuii ECT kufanya kazi. Kinyume chake ni kigumu zaidi: ECT iliyofanywa vizuri ikishindwa, nafasi ya TMS kufaulu hupungua, na daktari anapaswa kukwambia hivyo kabla hujalipa.